Abebe Bikila: Mnaijua Roma, je, upinde?

Huku kwetu Hanang ukitaja mbio watu wanakaa vizuri wakusikilize. Sisi ndio tuliomtoa Gidamis Shahanga wa Katesh, aliyechukua dhahabu ya marathoni kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, akaongeza dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Majirani zetu wa Mbulu nao wana John Stephen Akhwari. Kwa hiyo nikisema leo naandika habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, najua kuna kijana hapo kwenye kompyuta anasema huyo tunamjua bwana, si ndiye yule aliyekimbia pekupeku Roma?

Ndiye. Lakini wengi wakifika hapo wanafunga ukurasa. Miaka minne ya mwisho ya huyu jamaa hawaijui, na kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu zaidi watu wa Endasak, sisi wenye pikipiki nyingi na barabara moja ya lami.

Tuanze alikotoka. Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 kwenye kijiji cha Jato, nyanda za juu za Shewa, kwa Waoromo. Ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo kule Los Angeles ilikuwa inakimbiwa marathoni ya Olimpiki. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kwenye vilima, ambao mtoto yeyote wa huku anaujua. Ujanani akaenda Addis Ababa akaingia kwenye kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Jeshini ndiko alikoonwa na Onni Niskanen, kocha wa Kiswidi aliyekuwa anafanya kazi Ethiopia, na hapo mbio zikaacha kuwa za kwenda na kurudi kazini zikawa mbio za kweli.

Roma naipitia haraka maana mnaijua. Ilikuwa jioni ya tarehe 10 Septemba 1960. Bikila alikuwa amejaribu viatu vipya, vikamletea malengelenge, akaamua kuvivua kwa sababu hata mazoezini alikuwa amezoea kukimbia bila viatu. Giza likaingia, askari wa Italia wakashika mienge kando ya barabara. Njia ile ilipita karibu na mnara wa mawe wa Aksum, ambao Waitalia waliuiba Ethiopia mwaka 1937 baada ya kuivamia nchi (ulikuja kurudishwa mwaka 2005). Karibu na mnara huo, mbio zikielekea mwisho, ndipo alipomwacha Mmorocco Rhadi Ben Abdesselam. Saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda mzuri kuliko wote duniani wakati ule. Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1964 akaenda Tokyo akiwa ametoka kupasuliwa kidole tumbo wiki chache tu kabla. Safari hii alivaa viatu. Akashinda tena kwa saa 2:12:11, akavunja tena rekodi, na alipofika uwanjani wenzake wako mbali huko nyuma akalala kwenye nyasi akaanza kunyoosha viungo kama mtu aliyetoka kuamka. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni mbili za Olimpiki kabla yake. Nyumbani Mfalme akampandisha cheo na kumpa gari, Volkswagen ndogo nyeupe. Hiyo gari mkumbuke, maana tutaikuta tena.

Oktoba 1968, Mexico. Hapa ndipo hadithi yake inapogusana na yetu. Bikila alianza marathoni ile akiwa na mguu unaouma, akafika kama kilomita 17 akajitoa. Mwenzake Mamo Wolde akashinda. Na zaidi ya saa moja baadaye, watazamaji wengi wameshaondoka, akaingia uwanjani mtu wa Mbulu anachechemea, goti limefungwa bandeji. Huyo ndiye Akhwari, na sifa yake mnaijua. Kuna jambo jingine la mwaka huo ambalo huku halisimuliwi. Mexico ilikataa kuandaa michezo ya watu wenye ulemavu iliyopaswa kufuata Olimpiki, ikabidi ihamishiwe Tel Aviv.

Bikila wakati ule hakuwa na sababu ya kulifuatilia jambo kama hilo. Miezi mitano baadaye lilikuwa lake.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa anaendesha ile Volkswagen, nje ya Addis Ababa. Gari ikamshinda, ikapinduka, ikambana ndani. Alikaa humo mpaka watu walipomkuta asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia sehemu ya shingoni. Binadamu mwenye miguu maarufu kuliko yote duniani hakuweza kuisogeza, na mwanzoni hata mikono haikumtii. Wiki moja baadaye alisafirishwa kwenda Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akiwa na miaka 36.

Sasa hapa naomba nisimame kidogo nieleze kuumia uti wa mgongo ni nini, maana huku watu wanasema tu amevunjika mgongo, basi, kama vile ni mkono. Mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti ikiharibika, mwili ulio chini ya jeraha hausikii. Wewe ukikaa vibaya kwenye benchi hilo la kafe dakika ishirini unajisogeza bila hata kufikiri, na usingizini unajigeuza. Yeye hasikii, kwa hiyo hajigeuzi. Nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, inakufa, linatoka donda, na donda linaweza kufika mpaka mfupani. Kibofu nacho hakimwagi mkojo vizuri, wadudu wanazaliana, wanapanda mpaka kwenye figo. Sumu ikishaingia kwenye damu mtu anaondoka. Kinachomuua si mgongo, ni kitanda.

Nimeliona hili kwa macho. Kuna kijana wa hapa kijijini, jina lake silitaji, pikipiki ilimwangusha miaka kadhaa iliyopita. Hospitali aliyolazwa walimruhusu baada ya wiki chache na hakuna aliyekaa na mama yake akamweleza kwamba mwanawe lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mama wa watu alimpikia, alimwosha, alimwombea. Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha moja dogo. Jumapili timu zikicheza alikuwa anafuatilia mechi kwa kelele tu, akisikia goli anauliza nani kafunga. Uwanja ule kutoka kwao mtoto anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Hakumaliza mwaka.

Basi huko Stoke Mandeville alikopelekwa Bikila kulikuwa na mzee mmoja mkali sana anaitwa Ludwig Guttmann. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, daktari wa mishipa ya fahamu, aliyewakimbia Wanazi mwaka 1939 na mke na watoto wawili. Alipokuwa kijana wa miaka 18 akisaidia kazi kwenye hospitali ya mji wa migodi, aliletwa mchimba makaa ya mawe, mtu mwenye nguvu zake, mgongo umevunjika. Madaktari wakamfunga plasta, wakamweka nyuma ya pazia, na Guttmann akaambiwa asijisumbue kuandika mengi kwenye faili maana mgonjwa hana wiki nyingi. Na kweli, wiki tano tu. Nadhani yule mchimbaji ndiye aliyemfukuza Guttmann maisha yake yote.

Februari 1944, vita bado vinaendelea, Waingereza wakampa wodi ya askari walioumia uti wa mgongo. Alichofanya hakikuhitaji mashine. Aliamuru wageuzwe kila saa mbili, na alikuwa anakuja mwenyewe usiku wa manane kukagua kama wamegeuzwa. Vidonda vikapona. Lakini akagundua kwamba mtu anaweza kupona vidonda akabaki anakodolea dari macho akisubiri kufa. Ndipo akaleta kazi: useremala, ufundi wa saa. Baada ya kazi akaleta michezo.

Michezo yenyewe ilianza kwa bahati. Aliwakuta wagonjwa kwenye viti vya magurudumu wanapigapiga kitu chini kwa fimbo, wanafukuzana. Yeye badala ya kuwafokea akaingia kati akacheza nao. Mchezo ule ulikuwa wa kuumizana mno, wakauacha wakaenda kwenye netiboli na mpira wa kikapu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London inafunguliwa, akawatoa wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, kwenye nyasi za hospitali washindane kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Siku hiyo pia walikabidhiwa basi la kuwapeleka matembezi na mashindano nje ya hospitali. Mimi hilo basi naliona ni kubwa kama vikombe vyote vilivyofuata, maana mtu anaweza kuwa hodari wa upinde kiasi gani lakini kama hana usafiri wa kutoka getini atamlenga nani?

Kutoka nyasi zile mwaka 1952 ikawa michezo ya kimataifa, Waholanzi walipokuja, na mwaka 1960 ikafika Roma, wiki moja tu baada ya Bikila kukimbia pekupeku. Wanamichezo kama 400 kutoka nchi 23. Kijiji walichopewa kilikuwa na majengo yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ngazi kila mahali, na ikabidi askari wa Italia wawabebe juu na chini kila siku. Fikiria: mienge imeshikwa na askari kwa ajili ya Bikila, na siku chache baadaye askari wanabeba watu wenye viti kwa sababu mhandisi alisahau kwamba kuna binadamu hapandi ngazi. Si kwamba namsifia Guttmann kwa kila kitu. Alikuwa mbishi, anaamrisha kila mtu, na kwa miaka mingi michezo yake ilikuwa ya walioumia uti wa mgongo zaidi. Wasioona na waliokatwa viungo walikuja kuingizwa Toronto mwaka 1976.

Kwa hiyo Bikila alifika mahali ambapo kutoka nje kucheza kulikuwa sehemu ya dawa. Alikaa kama miezi minane. Mikono ikarudi polepole. Miguu haikurudi tena.

Wakampa upinde. Kuna sababu ya kuchagua upinde. Unakuza misuli ya mabega na mikono, ambayo ndiyo sasa imekuwa miguu ya mtu wa kiti. Unamfundisha kushika kiwiliwili kisianguke. Halafu, hili ndilo naliona tamu, ni mchezo ambao aliyekaa anaweza kushindana na aliyesimama bila kuonewa huruma, kwa sababu mshale haujali umetoka mkononi mwa nani. Mwaka 1970 Bikila alishiriki michezo ya Stoke Mandeville, akalenga upinde na akacheza tenisi ya mezani. Bingwa mara mbili wa Olimpiki alikaa kwenye mstari na watu ambao jina lao halijulikani nje ya mtaa wao, akashindana nao. Kwangu mimi hiyo ilihitaji roho ngumu kuliko kilomita 42.

Mwaka 1971 akaalikwa Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Alishiriki upinde na tenisi ya mezani, akajikuta pia kwenye mbio za kuteleza juu ya theluji, umekaa kwenye kigari kisicho na magurudumu. Kilomita 25. Mtu wa Shewa, theluji wapi na wapi. Akashinda. (Miaka mitano baadaye Mganda asiyeona, Tofiri Kibuuka, naye alikwenda kuteleza kwenye theluji kule Sweden, Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, 1976. Watu wa Afrika Mashariki tuna vituko.)

Mwaka 1972 alikuwa mgeni rasmi Munich kwenye Olimpiki. Alipoingia uwanjani kwenye kiti, watu walisimama wakampigia makofi. Mwaka huo huo michezo ya watu wenye ulemavu ilifanyika Heidelberg, hapo hapo Ujerumani, na Kenya na Uganda zilikuwepo.

Madhara ya ajali hayakumwacha. Tarehe 25 Oktoba 1973 mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo, akafa Addis Ababa akiwa na miaka 41, akaacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Haile Selassie akatangaza siku ya maombolezo, maelfu kwa maelfu wakamzika. Guttmann alikufa Machi 1980, mwaka ambao Moscow ilikataa kuandaa Paralimpiki, ikafanyika Arnhem, Uholanzi.

Sasa turudi Hanang. Miaka minne na nusu kutoka ajali hadi kifo, Bikila alilenga mishale, alicheza meza, alisafiri, alishinda kwenye theluji. Kuna atakayeniambia yule alikuwa mtu wa Mfalme, alikuwa na ndege na hospitali ya Ulaya. Kweli kabisa, hilo sipingi. Lakini angalieni vitu vilivyomtoa ndani: upinde, meza, nyasi, basi na mtu wa kumwambia twende. Ukiondoa basi, kipi hapo Endasak hakipo? Upinde huku si kitu cha kusimuliwa, wavulana wanatengeneza wenyewe wakichunga. Bao linachezwa ukiwa umekaa. Drafti hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba kijiwe cha bao kiko juu ya baraza yenye ngazi tatu, na kati ya nyumba na uwanja kuna mtaro ambao hauna hata mbao mbili za kuvukia.

Na tuseme ukweli kuhusu viti. Kile kiti cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele ni cha sakafu. Ukikileta kwenye vumbi letu la Agosti kinazama, masika ndiyo usiseme. Kinachofaa huku ni ile baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono, ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza na spea zake ni zile zile za baiskeli ya kawaida. Septemba 2009 Mmarekani Chris Waddell, aliyepooza kuanzia kiunoni, alipanda Kilimanjaro mpaka kileleni kwa chombo cha jamii hiyo, cha magurudumu manne, akisaidiwa na wapagazi kwenye mawe. Sisemi tuanze na Hanang. Kufika uwanjani kwanza.

Sheria tunayo, ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na inagusa mpaka michezo na burudani. Mfano tunao pia. Mwaka 2021 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya Afrika ya mpira wa watu waliokatwa viungo, wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na magongo, kipa ana mkono mmoja. Tembo Warriors wetu wakapata tiketi ya Kombe la Dunia Uturuki, na Oktoba 2022 wakafika robo fainali. Mechi zile zilitazamwa hapa kwenye simu, watu wamezungukana, kelele mpaka barabarani, na wakati huo huo kuna watu wawili watatu ninaowajua walikuwa vyumbani mwao hatua chache kutoka hapo.

Hao watu wawili watatu wako bado. Mmoja ameniambia anataka kuona mnada wa Katesh, hajauona tangu aumie. Kwa hiyo wadau wa Babati, Katesh na Singida: anayemfahamu fundi wa baiskeli za matairi matatu, aandike hapo chini yuko mji gani na bei inaanzia wapi. Na vijana wa timu, mbao za kuvuka mtaro ni mbili tu, misumari ninayo.